Binti Akisomea Mambo ya Jinsia Chuo Kikuu, Kikundi Kitapata Nini?

(Mazungumzo ya idara yetu ya maendeleo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya parokia. Tumeyaandika karibu yalivyosemwa, kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)



 Wengine mmetoka ng'ambo ya mto na tunajua daraja bado halijatengenezwa. Hatutawachosha kwa salamu nyingi, kwa sababu chai ni saa nne na neno tulilo nalo ni refu kidogo.

Mwezi uliopita kikundi kimoja kilituandikia barua. Jina lake hatutalitaja, ingawa wengi wenu mnakijua, maana habari za hapa huvuka mto kabla ya mwenyewe kuvuka. Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja. Binti wa mwanachama amepita mtihani wa kidato cha nne na ameitwa chuo kikuu kusomea shahada ya jinsia na maendeleo. Mamake ameomba kikundi kimkopeshe pesa za kuanzia, na kiasi alichoomba ni zaidi ya kile katiba ya kikundi inaruhusu. Kikundi kimegawanyika. Nusu wanasema tumpe. Nusu wanasema angeitwa uuguzi au ualimu tungempa leo hii, lakini hii jinsia ni kitu gani? Mzee mmoja alisimama mkutanoni akasema, "Huyo anaenda kusomea Beijing. Akirudi atatuvunjia maboma." Watu wakacheka, mkutano ukaisha bila uamuzi. Barua ikamalizia: tushaurini, muda unakwisha.

Basi tunaijibu mbele yenu nyote, kwa sababu leo ni kikundi hicho na kesho ni chenu. Na tuseme ukweli, hata ofisini kwetu hatukukubaliana mara moja. Mmoja wetu alitaka binti abadilishe kozi. Tulibishana siku mbili.

Tuanze na hiyo Beijing, kwa sababu vijana walio hapa huenda hawajui neno hilo lilitoka wapi. Mwaka 1995 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa wanawake katika mji wa Beijing, China. Wajumbe wa Kenya waliporudi, neno likageuka kuwa dhihaka. Mama akiuliza pesa za maziwa zimekwenda wapi, anaambiwa ameleta Beijing nyumbani. Hata sisi tulilitumia, msidhani sisi ni malaika. Lakini wazee wanaocheka Beijing wamesahau kwamba kabla ya Beijing kulikuwa na Nairobi. Julai 1985 mkutano kama huo ulifanyika hapa hapa kwetu, na aliyeuongoza kama rais wa mkutano alikuwa Margaret Kenyatta. Serikali za dunia zilikaa katika jumba la KICC. Wale wa mashirika na vikundi, kama ninyi, walikaa katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi. Walifika kama 14,000. Kulikuwa na hema la amani ambamo wanawake wa nchi zenye vita waliketi wakazungumza, na chini ya miti watu walikaa kwenye nyasi kama tunavyokaa sisi siku ya baraza. Profesa Wangari Maathai alikuwapo akieleza habari za miti. Huyu alikuwa mwalimu wa chuo hicho hicho, na mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Mwaka 1977 alianza kazi ya miti pamoja na vikundi vya akina mama, mwaka 2004 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Vitalu vya miche alivyotegemea vilikuwa vya vikundi vya vijijini. Mambo ya chuo na mambo ya kikundi yaligusana zamani, na si kitu kilicholetwa jana na ndege.

Mfano mwingine ulio karibu zaidi. Kila mwaka mnawaona akina mama wa parokia wakitembea na mabango kuanzia tarehe 25 Novemba hadi tarehe 10 Desemba, zile siku 16 za kupinga ukatili. Mwaka jana chifu alitembea nao, ingawa alikuja amechelewa. Wengi hudhani siku hizo zimepangwa na serikali. Kumbe zilianzishwa mwaka 1991 na wanawake wa nchi mbalimbali waliokutana katika kituo cha uongozi wa wanawake cha Chuo Kikuu cha Rutgers, huko Marekani. Tarehe 25 Novemba walichagua kwa ajili ya akina dada wa ukoo wa Mirabal, watatu, waliouawa siku hiyo mwaka 1960 katika Jamhuri ya Dominika kwa kumpinga mtawala wa mabavu. Tarehe 10 Desemba ni siku ya haki za binadamu. Watu wachache waliketi darasani wakachagua tarehe, na leo hii bango linaandikwa kwa rangi katika jiko la parokia yetu. Tunaeleza hivi kwa sababu kuna aliyeuliza, masomo hayo yamewahi kuzaa nini.

Sasa jirani zetu wa Uganda. Chuo cha Makerere kilikuwa cha wanaume watupu, na neno lake la kujitambulisha lilikuwa kuwahimiza wawe wanaume. Mwaka 1945 walipoingia wasichana wa kwanza, wachache sana, ilibidi neno hilo libadilishwe, likawa la kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Mwaka 1990 chuo kikaanza kuwaongezea wasichana pointi 1.5 wakati wa kuingia. Mwaka uliofuata, 1991, kikafungua idara ya masomo ya wanawake, ambayo baadaye ilikua ikawa shule ya masomo ya wanawake na jinsia. Julai 2002 waliwapokea Kampala zaidi ya watu 2,000 kutoka pande zote za dunia kwa kongamano la masomo ya wanawake, mara ya kwanza kongamano hilo kufanyika Afrika.

Hiyo pointi 1.5 ilileta kelele nyingi. Wengine walisema wasichana wanaingia kwa mlango wa nyuma. Idadi ya wasichana ilipanda, hilo halina ubishi. Lakini sikilizeni jambo ambalo wasomi wenyewe waliligundua walipochunguza: waliofaidika zaidi walikuwa mabinti wa shule nzuri za mjini, watoto wa watu walio na kitu. Msichana wa kijijini ambaye alikosa kitabu tangu darasa la nne, pointi moja na nusu haikumfikisha popote. Tumelikazia hili kwa sababu huyu binti wa barua ametoka shule ya kutwa, ile ya juu ya soko, anayetembea kwenda na kurudi. Amefika mahali ambapo wengi kama yeye hawafiki hata wakisaidiwa. Tulipolifikiria hilo ofisini, ubishi wetu ulipungua sauti.

Haya, kozi yenyewe ni ya nini? Watu wakisikia jinsia wanadhani ni kozi ya wanawake kuwatukana waume. Wanafunzi wanasoma sheria za ardhi na za ndoa, uchumi wa nyumba, afya, historia, kuhesabu takwimu, kupanga miradi na kuipima. Na wavulana wanasoma pia. Yule kijana aliyekaa na kikundi kimoja hapa majuma sita kwa atachimenti, mrefu mwenye koti la bluu, alikuwa wa kozi kama hiyo. Wengi mlidhani ni wa kilimo kwa sababu alipenda kuuliza habari za nepia.

Kijana huyo alifanya zoezi moja tu ambalo hatujalisahau. Alibandika karatasi mbili kubwa za manila kwenye ukuta wa darasa la katekisimu. Akawaomba akina mama wakae upande mmoja, akina baba upande mwingine, kila upande uandike siku yake tangu kuamka hadi kulala. Akina mama walianza saa kumi na moja alfajiri: kuwasha moto, mtungi wa kwanza wa maji, uji, kukamua, shamba, mtungi wa pili, kinu cha posho, kuni, kupika, kuosha watoto. Karatasi ikajaa, wakaomba nyingine. Akina baba waliandika kulisha ng'ombe, shamba, kupeleka maziwa, kisha mchana wakaandika "mipango". Kijana akauliza kwa adabu, mipango ni kazi gani? Mzee mmoja akajibu, kukaa na kufikiria mambo ya boma. Tulicheka mpaka tukatoa machozi, na huyo mzee mwenyewe alicheka kuliko wote.

Halafu kijana akasema, sasa andikeni siku ya mtoto msichana wa darasa la saba. Kicheko kilikatika. Maji kabla ya shule, maji baada ya shule, mdogo wake mgongoni, vyombo, na vitabu saa tatu usiku kwa taa. Baba mmoja alisimama akasoma karatasi ile kwa muda. Alisema, "Mimi humwuliza kila muhula kwa nini hesabu inaanguka." Akaketi.

Kikundi hicho kilikuwa kimepanga kununua ng'ombe wa gredi wa kufugwa zizini. Baada ya zoezi wakauliza, nani atakata nyasi, nani atabeba maji ya huyo ng'ombe? Jibu lilikuwa limebandikwa ukutani. Wakageuza mpango, pesa zikaenda kwanza kwenye mabati, mifereji na tangi la maji ya mvua. Ng'ombe alikuja baadaye, maji yakiwa nyumbani. Hakuna boma lililovunjika. Tunakumbuka vikundi viwili vilivyonunua ng'ombe bila kuuliza swali hilo, na mnajua ng'ombe hao waliishia wapi.

Na kuhesabu kazi hakuishii kwenye mradi. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inasema mchango wa mtu katika mali si pesa pekee. Kazi za nyumbani, kulea watoto, kulima shamba la familia, kusimamia biashara ya familia, yote ni mchango. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza wazi kwamba ndoa ikivunjika mali haigawanywi nusu kwa nusu hivi hivi, kila mmoja aonyeshe alichochangia. Sasa mama ambaye kwa miaka 30 ameambiwa "wewe hufanyi kazi, unakaa nyumbani", atasimamaje kueleza? Hatusemi haya ili watu waachane. Sisi ni watu wa kanisa, tunataka nyumba zisimame. Lakini wajane mnao katika vikundi vyenu, na mnajua nani alifukuzwa shambani siku ya arobaini. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa jinsia uondolewe katika sheria na mila za ardhi. Na kabla ya katiba yoyote, fungueni kitabu cha Hesabu, mlango wa 27, msome habari za wale mabinti watano wa Selofehadi waliomwendea Musa kudai urithi wa baba yao. (Msome na mlango wa 36 pia, kuna masharti yaliongezwa. Mzee mmoja alitukumbusha hilo mlangoni, na ana haki.) Kijiji kikiwa na mtu wake mwenyewe anayezijua sheria hizi na anayeweza kuzieleza kwa lugha ya nyumbani, hatuoni ni hasara gani.

Sasa tugeukie upande ambao hautufurahishi. Si kila anayetoka chuo kikuu na daftari analeta tangi la maji. Kuna mtafiti mmoja alikuja hapa, chuo hatutakitaja. Aliwaketisha wajane wa kikundi fulani, akawauliza mmoja mmoja mume alikufaje na nani alichukua shamba. Wengine walilia. Akapiga picha. Aliahidi kuleta kitabu kikiisha. Tulingoja. Mama mmoja alizoea kutuuliza kila Jumapili baada ya misa, "Kile kitabu kimefika?" Mama huyo sasa ni marehemu. Hatukuwa na jibu hata siku moja, na aibu hiyo ni yetu pia, kwa sababu ni sisi tuliompeleka mgeni huyo nyumbani kwake bila kumwuliza lolote.

Kwa hiyo kuanzia sasa, mtu akija kufanya utafiti katika kikundi, ulizeni. Kwa sheria ya mwaka 2013 mtafiti anatakiwa awe na kibali cha tume ya taifa ya sayansi, ile inayoitwa NACOSTI. Ulizeni kibali, ulizeni barua ya chuo, na mjue kama ofisi za serikali hapa zina habari naye. Awaeleze kwa Kiswahili anatafuta nini na maneno yenu yatakwenda wapi. Mtu ana haki ya kukataa, au kuacha katikati ya maswali, na asisumbuliwe. Picha ni kwa ruhusa. Tangu mwaka 2019 kuna sheria ya kulinda habari za mtu binafsi, kwa hiyo mkisema hapana hamjakosa adabu. Na kabla hajaanza, katibu aandike katika kitabu cha kumbukumbu siku ambayo atarudi kuwasomea alichokipata. Mwanafunzi mwema hakasiriki kwa hayo. Yule wa koti la bluu alikuwa na karatasi zake zote kabla hatujaziomba.

Ninyi wenyewe pia mnaweza kuwaita. Vyuo kama Kenyatta na Egerton vimefundisha masomo haya kwa miaka mingi, na wanafunzi wanahitaji mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi. Andikeni barua kwa idara, mseme kikundi kina watu wangapi, kina mradi gani, kinataka msaada gani: kuandika mpango, kupima mradi, kueleza sheria ya urithi. Msiombe pesa, mwanafunzi hana. Tarehe 8 Machi, siku ya wanawake, vyuo vingi huwa na mikutano ya wazi. Tarehe 15 Oktoba ni siku ya wanawake wa vijijini, iliyoanza kuadhimishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2008. Siku hiyo yafaa wao waje huku, badala ya ninyi kupanda matatu kwenda kukaa viti vya nyuma ukumbini mkisikiliza mkizungumziwa.

Tumalize na pesa, kwa sababu barua iliuliza pesa.

Kazi ya kuajiriwa baada ya kozi hii haina mlango mmoja ulionyooka kama uuguzi. Wahitimu wake wako katika ofisi za kaunti, mashirika, tume ya jinsia na usawa, miradi ya makanisa. Wengine wako nyumbani na vyeti vyao, kama vijana wa kozi nyingine nyingi. Tusimdanganye mamake. Atakayetoa pesa akitumaini mshahara wa haraka, afadhali asitoe.

Pili, msivunje katiba ya kikundi kwa ajili ya mtu yeyote, hata binti huyu. Tangu sheria ya mwaka 2022 ya kuandikisha vikundi vya jamii, katiba yenu si karatasi ya kufungia sukari. Mkimpa mmoja zaidi ya kiwango, mwezi ujao watakuja watano. Mkopesheni mama mpaka pale katiba inaporuhusu, kisha fanyeni harambee nje ya kikundi, na mweka hazina wa harambee awe mwingine. Ofisi yetu itatoa fungu lake, na padri amekubali litangazwe kanisani.

Tatu, kabla ya hayo, binti alete barua za chuo na za bodi ya mikopo, ile HELB. Mpango wa kugharimia vyuo vikuu ulibadilishwa mwaka 2023, ukawa wa mafungu: ufadhili wa serikali, mkopo, na sehemu ya familia. Umepingwa mahakamani na umeleta vurugu, basi msisikize ya sokoni. Someni kilichoandikwa kwa jina lake. Ulizeni pia basari katika wadi na eneo bunge. Huenda pengo ni dogo kuliko mlivyoogopa, au ni kubwa zaidi. Hatujui mpaka karatasi ziwe mezani.

Binti mwenyewe yuko hapa, ameketi karibu na dirisha na mamake. Amekubali kuulizwa maswali baada ya chai, na sisi tumemwambia asiyapende asiyajibu. Yule mzee wa Beijing naye amefika. Ameomba awe wa kwanza.